Wakonyo na Kanda ya Watu wa Steji

Ukitaka kumuudhi Magdalene Wakonyo, mwambie kwamba kupiga video ni kazi ya kubonyeza tu. Atakutazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha atakuuliza kama na wewe unapokula huwa unafungua mdomo tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi mwepesi, na miguu iliyochoka mapema kwa miaka aliyosimama mbele ya mashine za kufuma nguo katika kiwanda kimoja cha Thika. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, katika ile miaka ya tisini ambayo kila mwenye kazi alikuwa akiishikilia kwa mikono miwili, wenzake walichukua kiinua mgongo chao wakanunua marobota ya mitumba. Wengine walifungua vibanda vya mboga kule mtaa wa Landless, alikokuwa akiishi yeye pia. Wakonyo akanunua kamera ya video. Majirani walimsikitikia waziwazi, wakisema stima za kiwandani zimemwingia kichwani.

Kamera yenyewe ilikuwa jitu zima, ya kukaa begani, yenye kumeza kanda ile kubwa inayotiwa kwenye deki. Pamoja nayo alinunua, kutoka kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa akihamia Nairobi, kimashine cha kuandikia majina juu ya picha. Kimashine kile kilijua kupamba kwa namna mbili basi. Kilijua kuzungushia picha fremu ya makopa mekundu, ya harusi, na kilijua kuzungushia fremu ya maua meupe, ya mazishi. Kwa mji ambao watu wake hupigwa video siku wanayooa na siku wanayozikwa, hakuna aliyehitaji cha zaidi.

Na ile fremu ya maua watu waliijua sana. Mazishi yakishapita, jamaa walikusanyika sebuleni wakaitazama kanda tangu mochari hadi kaburini, chai ikipitishwa, na mwishoni uso wa marehemu ulitokea peke yake, kimya, katikati ya maua, na jina lake na kwao vikiwa vimeandikwa chini. Hapo ndipo akina mama walipoanza kulia upya. Kutoka Thika hadi Ruiru sidhani kulikuwa na nyumba ambayo haijawahi kuona uso wa namna hiyo. Msomaji, shikilia hilo, kwa sababu Wakonyo mwenyewe hakulishikilia.

Shida yake ilikuwa macho. Yalikuwa macho yasiyokaa pale yalipolipiwa yakae. Mchungaji akihubiri, yeye alikuwa ameshamwona nyanya mmoja akificha kipande cha nyama ndani ya kiondo, na kamera ikamfuata nyanya. Wenyewe wakiitazama kanda nyumbani walicheka kidogo, halafu wakauliza mchungaji alienda wapi. Mwisho wa yote ilikuwa harusi ya Lynn, binti wa mtaa wa Kahawa Wendani, ambayo hema lake lilikuwa kubwa na keki yake ilikuwa ndefu kuliko bwana harusi. Keki ilipokuwa ikikatwa, Wakonyo alimwona babake Lynn akipenya nyuma ya hema, akijifuta macho kwa ncha ya tai. Akamfuata polepole. Akampiga akilia, akampiga akijikaza, akampiga akirudi mbele za watu na tabasamu lake. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na keki haikuwemo hata kidogo.

Lynn alikuja Landless mwenyewe na kanda mkononi.

"Mama, keki yangu iko wapi? Nilikuita upige keki ama nilikuita upige babangu akilia?"

"Babako hatawahi kulia hivyo tena," Wakonyo akamwambia.

"Na mimi sitawahi kukata hiyo keki tena!"

Tusimpendelee Wakonyo kwa kuwa ni mtu wetu: bibi harusi alikuwa na haki. Habari ya harusi isiyo na keki ilitembea haraka kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza, na kabla msimu haujaisha vijana wenye kamera ndogo mpya walikuwa wamemnyang'anya harusi zote. Yakabaki mazishi, tena ya wale wasio na haraka ya kuchagua.

Ndipo kaka yake Philip alipokuja kutoka Ol Kalou. Philip alikuwa mtu mwema, na hakuna kitu kinachochosha kama mtu mwema aliyekupangia maisha. Alikuwa na duka lake la jumla, na katika duka hilo palikuwa na kiti nyuma ya kaunta.

"Uje ukae hapo," alisema. "Kamera tuwape vijana wa kanisa, wataitumia. Hii kitu imekushinda, Wakonyo, na si aibu. Jumapili ya wiki mbili zijazo nakuja na pikapu tubebe vyombo."

Kiti cha dukani hakikumuuma Wakonyo, maana alishafanya kazi mbaya kuliko hiyo. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba ameona kile alichokiona yeye. Kama ataondoka hivyo, basi Philip atakuwa amesema kweli, kwamba macho yake yalikuwa na kasoro tu. Alitaka, kabla ya Jumapili, mtu mmoja aone. Ikishindikana, atabeba vyombo aende, na hatalalamika.

Mahali alipopata pa kujaribia ni pa ajabu kidogo. Kwenye steji ya mabasi ya Thika kulikuwa na mzee Gathogo, mwenye mabasi ya kwenda Matuu, Kitui na Mwingi, na basi la Gathogo halikuondoka mpaka lijae, hata kama mwezi utaandama. Ili abiria wasimpigie kelele alikuwa amewawekea chumba cha kungojea chenye mabenchi, na ukutani akaninginiza televisheni ndani ya kizimba cha nyaya kilichofungwa kwa kufuli, utadhani itauma mtu. Alikuwa akionyesha sinema za karate. Karate ikawapendeza abiria kupita kiasi. Basi likiitwa hawasikii, na siku moja wanaume wawili wenye akili zao, mmoja wao akiwa na mjukuu, walijaribu mateke waliyoyaona wakavunja benchi. Mchungaji mmoja akaapa kumtaja Gathogo kanisani. Gathogo akazima televisheni, abiria wakaanza tena kumpigia kelele.

Wakonyo akamwendea ofisini.

"Nitakutengenezea kanda ya kutuliza watu," alimwambia. "Ya watu wa hapa hapa kwa steji. Nafuna wa chai, Ali wa keria, yule fundi wa magurudumu."

"Wakifanya nini?"

"Wakiangalia tu."

Gathogo alimtazama kwa huruma. "Wakonyo, ni nani ataketi hapa aangalie Nafuna kwa TV, na Nafuna yuko hapo nje bure?"

"Wanamwangalia lini? Wanachukua kikombe, wanaangalia chai."

Gathogo alikuna kidevu. Hakuelewa chochote, lakini kanda haikuwa ya kulipiwa, na kelele za abiria zilikuwa zikimpandisha presha. "Haya. Jumatatu tutajaribu. Watu wakitulia, utakuwa unanitengenezea zingine, hiyo ni kazi yako. Wakinisumbua, narudisha karate yangu."

Basi Wakonyo akashinda kwenye steji wiki nzima, akiwapiga mmoja mmoja. Wengine walimpa taabu. Nafuna alitaka kwanza aende asuke nywele. Lakini aliyemsumbua kuliko wote ni Ali wa keria, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo juu ya paa la basi na kuifunga kwa kamba, naye alisifiwa mpaka Mwingi kwamba mzigo aliofunga Ali haujawahi kuanguka njiani. Ali alikaa Ruiru na mkewe Safaa na watoto. Alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi watoto wakiwa wamelala, Jumapili na siku za kazi sawasawa, kwa sababu mizigo haina Jumapili. Juu ya keria alikuwa simba. Mbele ya kamera akawa mwanafunzi aliyesahau kuandika hesabu.

"Nifanye nini, dada?"

"Usifanye kitu. Niangalie."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke kujifanya."

Ali akatoa kifua mbele kama askari. Wakonyo akangoja. Kifua kikachoka, likaja tabasamu la kuuzia watu kitu. Wakonyo akangoja. Tabasamu nalo likachoka, likaondoka, na hapo ukabaki uso wa mwanamume wa makamo, wenye jua nyingi na usingizi kidogo, ukiangalia mbele bila kuogopa na bila kuomba chochote. Wakonyo alijua amepata.

Kosa alilifanya nyumbani. Nyuso zilipopangwa moja baada ya nyingine, kila mmoja akiangalia kwa muda mrefu bila kusema, ilikuwa mtu akizitazama anadhani deki imekwama. Zikahitaji majina. Akawasha kile kimashine, nacho kama ilivyo kawaida yake kikamuuliza: makopa au maua? Ali ndani ya makopa mekundu angechekwa mpaka astaafu. Akabonyeza maua. Akaandika ALI HAMISI, RUIRU, kwa herufi nyeupe. Akaandika NAFUNA WEKESA, MAKONGENI. Akaandika wote. Nyuma akaweka kinanda taratibu ili watu watulie. Mtu mwingine yeyote wa Thika, hata mlevi, angeitazama kanda ile akavua kofia. Lakini Wakonyo alikuwa ameiweka fremu ile mara nyingi sana, na kitu ulichokizoea mkononi macho hayakioni tena, hata yakiwa macho ya Wakonyo.

Jumatatu asubuhi Gathogo akafungua kizimba, akatia kanda. Wakonyo aliketi benchi la nyuma.

Chumba kikanyamaza. Hakikunyamaza kidogo kidogo. Kilinyamaza kwa pamoja. Mzee mmoja mwenye gunia la viazi akavua kofia akaiweka magotini. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Msichana aliyekuwa akitafuna miwa akaificha nyuma yake. Uso wa Nafuna ulipotokea, mtu alimwita Mungu, "Ngai," polepole sana, na mwenzake akatikisa kichwa.

Gathogo alichungulia mlangoni, asiamini. "Wametulia!" alinong'ona.

Wakonyo alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tangu azaliwe. Wanaona, alijiambia. Wanaona kile nilichokiona. Alitoka nje kwa Nafuna akaagiza chai na mandazi, na akayala yote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Na Nafuna naye alikuwa na malalamiko.

"Leo watu wana nini? Mama mmoja ametoka huko ndani, ameniona akaangusha kikombe changu akatoroka!"

"Umekuwa staa," Wakonyo akamwambia, na kusema kweli ndivyo alivyodhani.

Wakati huo, ndani, alikuwa ameketi Gachau, muuza makaa wa Ruiru, jirani wa Ali wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa akienda Matuu kutafuta makaa. Aliuona uso wa jirani yake katikati ya maua, akasoma jina, akasoma na RUIRU. Akamgeukia aliyeketi karibu naye, ambaye hakujua lolote lakini hakuwa mtu wa kukubali kukosa jibu.

"Hawa ni nani?"

"Ni wafanyakazi wa hapa. Wote pamoja hivyo, lazima ni ajali."

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu ya ujirani mwema. Angekuwa amekufa Gachau mwenyewe, aliye Mkristo, kungekuwa na wakati wa kutosha wa kugundua kwamba hajafa. Kamati ingekaa, mwenyekiti angechaguliwa, picha ingepelekwa gazetini, watu wangekutana jioni hata wiki nzima wakinywa chai na kubishana juu ya basi la kubeba waombolezaji. Lakini Ali alikuwa Mwislamu, na Gachau, aliyeishi na Waislamu miaka mingi, alijua kwamba hao hawangoji. Maiti ya asubuhi huzikwa jua likiwa bado liko juu. Hakukuwa na nafasi ya kuulizauliza. Akaiacha nauli yake ya Matuu ipotee, akadandia gari la kwanza la kurudi Ruiru. Ali, wakati huo huo, alikuwa nyuma ya jengo juu ya basi la Kitui, akifunga kitanda cha mtu.

Ikapita saa ya chakula, Gathogo akiirudisha kanda mwanzo kila ilipoisha. Jua lilikuwa limeanza kuinama wakati pikapu ilipoingia steji, nyuma yake imejaa wanaume wenye kanzu na kofia, na katikati yao jeneza la msikiti wa Ruiru. Gachau alikuwa amesimama nao, kofia mkononi, macho mekundu. Mbele, karibu na dereva, alikuwa ameketi mwanamke aliyejifunika mtandio mweusi. Huyo ni Safaa, mke wa Ali. Mzee Irshad, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi ya msikiti, alikuwa amemwambia kwamba mjane hukaa nyumbani. Safaa akamjibu kwamba yeye si mjane wa mtu mpaka amwone, akapanda.

Mzee Irshad alishuka akamwendea Nafuna, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Dada, pole kwa msiba. Tumekuja kuchukua maiti ya Ali Hamisi. Mmemweka wapi?"

Nafuna alishikilia birika hewani. "Ali? Ali si yuko pale juu ya keria?"

Watu wote wakainua macho. Juu ya basi la Kitui, Ali alikuwa ameuma kamba kwa meno, goti likiwa limekandamiza godoro. Aliwaona wazee wa msikiti wake. Akaliona jeneza. Akaitema kamba, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Inna lillahi," alisema kwa huzuni. "Wazee, ni nani ametutoka?"

"Ni wewe," akasema mzee Irshad.

Sitajaribu kueleza kelele iliyofuata. Wako waliocheka, wako waliokimbia, na Gachau alikaa chini kwenye vumbi, makaa na nauli na aibu vikimwelemea kwa pamoja. Ali alishuka ngazi ya basi akiishika kwa mikono yote miwili, mtu aliyezoea kuishuka bila kuishika. "Kaburi tumeshaanza kuchimba," mzee Irshad akamwambia, bado haamini. "Lifukieni," Ali akasema.

Safaa alitoka kwenye pikapu. Alimwendea mumewe, akamgusa shavu kwa vidole, akaondoa mkono haraka. Kisha akageuka.

"Nani ametuma habari?"

Gachau akaonyesha chumba cha kungojea. Watu wakamiminika huko, kanzu na mikoba na vikapu, na ukutani, ndani ya kizimba, Nafuna alikuwa akiwaangalia kutoka katikati ya maua meupe. Wakonyo alikuwa ameshafika. Aliitazama kanda yake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, akayaona maua.

Sasa akaelewa ukimya wa asubuhi. Hawakuwa wakiona. Walikuwa wakiomboleza.

"Ni fremu," alisema Wakonyo. "Kimashine kina fremu mbili tu. Nilidhani... Mimi niliona ni maua tu. Mama, nisamehe. Nisameheni wote."

"Umeniulia watu sita kwa siku moja!" Gathogo alifoka, akipapasa mifukoni atafute ufunguo. "Nani atapanda basi langu sasa? Mpaka Mwingi wanasema nimepata ajali! Heri karate! Karate ilivunja benchi, wewe umeleta jeneza!"

Mtu akacheka. Wakonyo hakucheka. Aliona Jumapili, pikapu ya Philip, kaunta. Yote yalikuwa yamekwisha, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza hata kusema kwamba ameonewa. Gathogo alipanda juu ya benchi, akaingiza ufunguo kwenye kufuli. Hapo kinanda kikabadilika, na uso wa Ali ukatokea.

"Ngoja," Safaa akasema.

Gathogo hakusikia.

"Mzee, nimesema ngoja! Shuka hapo."

Gathogo akashuka. Wanawake wa Ruiru wakikuambia hivyo, unashuka.

Safaa alisogea mpaka karibu na televisheni. Ali alikuwa ameingia nyuma yake, na wote wawili, yule wa ukutani na yule wa mlangoni, walikuwa na uso ule ule. Yule wa ukutani alitoa kifua, akachoka, akatabasamu, akachoka, kisha akabaki akiangalia tu. Safaa alipoongea, hakuwa akiongea na mtu fulani.

"Kutoka Ruiru mpaka hapa nilifunga macho nione sura yake. Nikakosa. Niliona kofia. Niliona mgongo wake akitoka asubuhi, taa imezimwa watoto wasiamke. Nikajaribu macho yake, nikajaribu mdomo, nikashindwa. Miaka yote hii, watoto wanne, na nimeshindwa kukumbuka mume wangu anafanana aje. Nilikuwa nalia hiyo, hata zaidi ya kifo chenyewe." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wachaneni na hiyo kanda. Wacha nimwone."

Ali alisogea karibu naye, hajui asimame vipi.

"Kumbe nina mvi hapa," alisema kwa sauti ya chini, akijigusa kichwa.

"Nyamaza," mkewe akamwambia. "Nakuangalia."

Na alikuwa akiangalia ukutani. Mzee Irshad aliingiza mikono ndani ya mikono ya kanzu, akatazama naye. Gachau akatazama. Abiria wa Kitui walioitwa kwenye gari wakabaki mlangoni. Safari hii hakuna aliyevua kofia na hakuna aliyejipiga msalaba. Walikuwa wakimtazama Ali, mtu mzima, mzima kabisa, kana kwamba amerudishwa kutoka mahali. Wakonyo aliona macho yao yakienda pale pale yalipokwenda macho yake wiki iliyopita, kwenye ule usingizi kidogo na lile jua, na akajua bila kuuliza mtu kwamba macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Uso wa Ali ulipotoweka, Gathogo alikohoa. Alikuwa mtu wa biashara, na hapo alikuwa amewahesabu kwa haraka watu waliojaa chumbani mwake bila kelele.

"Maua utoe," alimwambia Wakonyo. "Leo hii. Sura ziache."

"Na mimi uniwekee makopa!" Nafuna akapaza sauti kutoka nyuma, na chumba kizima kikacheka, wazee wa msikiti wakiwemo.

"Sitaweka kitu," Wakonyo akasema. "Jina, basi."

"Na utengeneze nyingine ya madereva," Gathogo akaendelea, "kwa sababu hawa nawajua, kesho watanuna wakisema wameachwa. Kazi nilisema ni yako. Sijabadilisha."

Wakonyo alishika ukingo wa benchi. Philip atakuja Jumapili na pikapu, na atapikiwa vizuri, na atarudi Ol Kalou na pikapu yake tupu. Atakasirika kidogo, kisha atafurahi, maana alikuwa mtu mwema. Wakonyo alitaka kucheka na hakuweza, alitaka kushukuru na hakujua aanze na nani. Alikwenda mbele ya Safaa akasimama tu, mikono imelegea.

"Nimekuvunja moyo leo, mama Ruiru. Sijui nitakulipa nini."

Hasira ya Safaa ilikuwa bado iko pale, lakini imekaa chini.

"Hiyo kamera iko hapa?"

"Iko ofisini."

"Ilete. Na mimi unipige." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Huyu hushinda hapa kutwa. Mimi pia hajaniona mchana, nasikia tu akipapasa kutafuta viatu gizani. Niweke hapo, akishuka kwa keria aingie anione. Siku nikienda mimi, asije akakosa pa kuanzia kuikumbuka sura yangu."

Mzee Irshad akakohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akaamua kwenda kuangalia pikapu. Wakonyo alileta kamera mbio, akaiweka begani, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue hakusikia uzito wake.

"Sogea mlangoni, kwenye mwanga," alimwambia.

Safaa akasogea. Akashusha mtandio kidogo kutoka kwenye paji la uso, jua la Thika likampiga usoni, akaangalia mbele. Nje kondakta wa Kitui alikuwa akimwita Ali kwa sauti aje amalize kufunga godoro, watu wamejaa, basi linaondoka. Ali alikuwa amesimama kando ya kamera akimtazama mkewe, na hakumjibu.